Akitaka kubebwa anasema "nikubebe", na chupa zikiwa mbili ni "vyupa". Nimrekebishe ama nimwache?

mama_kadogo (Kireka)

Habari za jioni wapendwa. Sijui kama hapa ndio mahali pake lakini naona huku watu hujibu, sio kama grupu ya WhatsApp ya nasari ambako ukiuliza kitu unatumiwa maua na maombi.

Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu mimi ni Msamia wa Busia na mzee wangu ni Mlugbara wa Arua aliyekulia kambi ya jeshi, tulipopatana hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja, Kizungu tunakiacha ofisini. Nje ya geti ni Luganda tupu. Mtoto wetu wa mwisho, mumwite Kadogo, ana miaka 2 na miezi 4 na ndiye ananinyima usingizi.

Akitaka kubebwa ananyoosha mikono anasema "nikubebe! nikubebe!" Namwambia sema nibebe, ananiangalia vizuri alafu anasema "nikubebe". Kuna pia "sitaki", hiyo alianza nayo kabla hata ya kusema maji, lakini juzi babake alisukuma kikombe kando na Kadogo akanigeukia akaniambia "baba sitaki chai". Sasa nani hataki, wewe ama baba? Lakini kinachoniuma ni chupa. Mwezi uliopita alikuwa anasema chupa, iwe moja iwe kumi, ni chupa, vizuri kabisa. Hizi wiki mbili amebadilika, zikiwa nyingi anasema "vyupa". Yaani alikuwa anajua na sasa hajui!

Mama mkwe ametoka Arua juzi na ameshatoa hukumu, tumemchanganya mtoto na lugha nyingi, tuchague moja. Dada wa kazi naye anacheka kila akisikia vyupa, mtoto anadhani ni mchezo anarudia mara kumi. Nifanye nini? Na hii ya kurudi nyuma ni kawaida?

boda_wa_ntinda

Vyupa 😂😂 mi kuanzia leo dukani naagiza vyupa viwili vya soda

afande_mstaafu (Jinja)

Binti yangu usitetemeke. Mimi mama alikuwa Mwacholi, baba Mteso, na Kiswahili tulikiokota kambini kwa watoto wenzetu, kile cha "wewe hapana jua". Mwaka 1973 Amin alipotangaza Kiswahili lugha ya taifa sisi tulikuwa watoto wadogo na tulidhani tumeshinda mashindano, maana shule yote tulikuwa sisi wa kambini tu tunaokijua. Kifungua mimba wangu alikuwa akisema "njoo" kwa kila kitu, njoo maji, njoo mpira, njoo mwezi. Leo ni injinia wa barabara na mwezi haujaja.

mtanga_asilia (Tanga)

Hodi majirani. Shikamoo afande. Nisameheni nikisema ukweli, tatizo hapa si mtoto, ni Kiswahili mnachomlisha. Huko kwenu mtu mzima anasema "mbwa inakuja", anasema "kuja hapa" badala ya njoo, anasema "yeye nakula". Mtoto akisikia hayo asubuhi mpaka jioni mnategemea atoe nini? Chupa moja, chupa mbili, kwisha.

afande_mstaafu (Jinja)

Marahaba kijana wa Tanga. Karibu, kaa, lakini vua viatu.

spea_za_kisekka

Dada mama_kadogo tafuta chai kabisa, hii itakuwa ndefu. Mimi nauza spea za pikipiki pale Kisekka lakini kabla ya grisi kuingia kwenye kucha nilisoma isimu, yaani elimu ya lugha, Makerere miaka 3, na kitu pekee kilichobaki kichwani ni hii mada ya watoto kwa sababu Mungu alinipa wanne wa kufanyia mazoezi.

Anza na vyupa. Hilo neno amelisikia kwa nani? Kwako hapana. Kwa babake hapana. Dada wa kazi alilikuta tayari lipo ndio akaanza kucheka. Hata huyo ndugu yetu wa Tanga anayetulaumu, aniambie ni Mganda gani mtu mzima anasema vyupa, sisi wote makosa yetu yanajulikana na hilo halimo. Kwa hiyo Kadogo hajaliiga popote, amelitengeneza mwenyewe. Amesikia chakula–vyakula, chumba–vyumba, choo–vyoo, chombo–vyombo (na vyombo huko kwenu vinaoshwa kila siku), akakata kauli kwamba neno linaloanza na cha, cho au chu likiwa nyingi linageuka vya, vyo, vyu. Hakuna aliyemkalisha akamfundisha, na ukimuuliza atakukodolea macho tu, lakini kanuni anayo. Mwezi uliopita aliposema chupa vizuri alikuwa amemeza neno zima bila kutafuna. Sasa ndio anatafuna. Kanuni mpya kwa mtoto ni kama kijana aliyepata leseni jana, kila gari analoliona anataka kuliendesha.

Na iko dunia nzima. Mtoto wa Kiingereza anaanza na "went", safi kabisa, akifika kwenye miaka 2 na nusu au 3 unamsikia ameanza "goed", wazazi wanashika kichwa, baada ya muda "went" inarudi. Ukichora kwa karatasi inapanda, inashuka, inapanda tena. Wewe uko kwenye ile bonde.

Sitaki ni habari nyingine. Kwa Kadogo hilo ni tofali moja. Wewe na mimi tunajua kuna si, kuna taka, na ile i ya mwisho ya kukanusha, yeye anajua tu ukitoa hiyo sauti uji unaondolewa. Ndio maana anamwekea hata baba, baba pia uji wake unaondolewa si ndio? Siku atakayosema "baba hataki" bila kuambiwa, jua amelivunja tofali akakuta vipande ndani. Hiyo siku andika kwenye kalenda.

Nikubebe sasa, hapo mkosaji ni wewe dada yangu. Ukitaka kumbeba unamuuliza nini kila siku? "Nikubebe?" Basi, ndilo jina la kile kitendo. Kikombe kinaitwa kikombe hata kikishikwa na nani, lakini "ni" na "ku" vinahama kila mtu akifungua mdomo, mimi nikisema ni mimi, wewe ukisema ni wewe, na mtoto kwanza anadhani ni majina ya kudumu kama jina la mbwa wa jirani. Pale ninapopanga kuna mtoto wa Kiganda alikuwa anamwambia mamake "nkusitule", yaani nikubebe, miezi kama mitatu, the same tatizo. Linaisha lenyewe.

boda_wa_ntinda

Kumbe muuza spea ni profesa. Sasa swali mkuu, nani anawafundisha hizo kanuni? Kwetu Tororo tulikuwa watoto tisa na mzee hakuwahi kukaa na mtu amfundishe lugha, alikuwa anatuambia mawili tu, kula na nyamaza. Na tunaongea.

spea_za_kisekka

Na ndio uchawi wenyewe. Roger Brown wa Harvard na mwenzake Hanlon waliangalia hiyo kitu, walichapisha mwaka 1970, wakakuta wazazi hawarekebishi sarufi, wanarekebisha ukweli. Mtoto akisema "mbwa imefa" na mbwa amelala tu, utamwambia hapana hajafa, amelala. Akisema "mbwa imefa" na kweli amekufa utasema eeh pole. Sarufi yote imepita pembeni hakuna aliyeigusa.

Alafu masikio yao yameanza kazi mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake waliwachezea watoto wa miezi 8 silabi zilizoungwa mfululizo bila pumziko, lugha ya kubuni isiyo na maana yoyote, dakika 2 tu, na wale watoto wakawa wanatofautisha silabi zinazotembea pamoja na zile zilizokutana kwa bahati. Miezi 8! Hajui hata kwamba ana vidole kumi, lakini anahesabu silabi. Ndivyo anavyojua "vyumba" ni kitu kimoja kwenye ile kelele yote ya nyumbani.

Hapo wasomi wanapigana. Skinner alisema mwaka 1957 ni tabia tu, unaiga unazawadiwa, Chomsky akamjibu mwaka 1959 kwa ukali kwamba haiwezekani, mtoto anazaliwa na kitu kichwani cha kushika sarufi, na baadaye akina Tomasello wakasema hapana, mtoto anakusanya misemo aliyoisikia kidogo kidogo na kuona inavyofanana. Mimi nikimwangalia wangu wa tatu niko na Tomasello, nikimsikia wa nne anasema kitu ambacho hakuna binadamu amewahi kusema nahamia kwa Chomsky. Naenda na kurudi kama teksi ya Kampala–Mukono.

hakuna_bundle

Haya ni mambo ya wazungu kukosa kazi. Mtoto ataongea tu wakati wake ukifika, mbona mnajitesa

mama_pacha_mbale

Ndugu hakuna_bundle naomba nikukatize hapo hapo, na wengine someni hii.

Mimi nina pacha, msichana na mvulana. Msichana kwenye miaka 2 alikuwa anaunganisha, "mama lete", "baba enda". Mvulana hata neno moja. Kila mtu aliniambia wavulana wanachelewa, ataongea tu, pacha hawana haraka. Mama mmoja wa kanisani akanipeleka kwa mzee wa kukata kamshipa chini ya ulimi, nashukuru nilikimbia. Kliniki moja hapa mjini waliniandikia vitamini. Vitamini! Nikasikiliza hivo mpaka mtoto ana miaka 3. Mwishowe dada yangu aliyeko Kampala akanilazimisha twende tukapimwe masikio, ikaonekana masikio yote mawili yamejaa maji na usaha wa muda mrefu. Hakuwa mzito, hakuwa mbishi, hakuwa anatusikia. Zile kanuni mnazosema za vyumba na vyupa, huyu alikuwa anasikia kama mtu aliye chini ya maji.

Walitibu. Sasa ana miaka 5 na anaongea lakini viambishi vya mwanzo ndio vilichelewa kabisa, alikuwa anasema "tabu", "toto", "kate", kichwa cha neno hakipo. Kwa hiyo mtoto wa mama_kadogo anayesema vyupa mimi namwonea wivu, huyo anasikia.

musawo_wa_usiku

Asante sana mama pacha, pole kwa hiyo safari. Nimetoka zamu sasa hivi naandika nikiwa nusu macho.

Kwa ujumla mtoto kwenye miezi 6 hadi 10 anaanza ba-ba-ba, da-da-da, karibu na mwaka 1 neno la kwanza, kwenye mwaka na nusu maneno yanaongezeka haraka, na kufika miaka 2 anaunganisha mawili, "taka maji". Watoto wanapishana sana, hiyo ni kweli. Lakini kufika mwaka 1 kama habwabwaji wala haonyeshi kitu kwa kidole, au miaka 2 imetimia haunganishi maneno hata mawili, mpeleke aonwe na masikio yaanze kupimwa. Na kama alikuwa na maneno alafu yakapotea, usingoje mwezi uishe, umri wowote. Mulago wana idara ya masikio, pua na koo. Masikio yanayotoa usaha msiyatilie mafuta wala maziwa ya mama, jamani, nimeyaona.

Kadogo ni mzima. Kulaleni.

mtanga_asilia (Tanga)

Pole sana mama pacha, hapo umenigusa.

Bwana spea nakubali la vyupa. Ila swali langu la msingi hujalijibu. Mtoto wa dada yangu hapa ana miaka 3 anasema "kipepeo anaruka" bila kufundishwa. Wa kwenu atasema kinaruka, nabisha?

spea_za_kisekka

Hubishi, unapatia. Lakini sikiliza sababu ni tamu.

Kiswahili kina ujanja mmoja, kitu kikiwa na uhai kinavuliwa ngeli yake kinavalishwa ya watu, kwa hiyo kipepeo anaruka, mbwa anakuja, kifaru mkubwa. Luganda hakina huo ujanja. Embwa ejja, mbwa inakuja, ekiwojjolo kibuuka, kipepeo kinaruka. Hata ng'ombe, ente zirya, zinakula. Kila jina linafuata kichwa chake na hakuna anayeuliza kama lina moyo. Sasa Mganda akiongea Kiswahili analeta hiyo kanuni yake safi kabisa, na kusema kweli ni nadhifu kuliko ya Tanga. Mtoto wa Kampala anayesema "mbwa inakuja" hajakosea chochote, ameshika barabara kile alichosikia, kama wa kwenu alivyoshika alichosikia. Wote wawili wamefaulu mtihani, karatasi za mtihani ndio tofauti.

Na nikupe nyingine. Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wanne Nairobi wakijifunza Kiswahili cha pale pale mjini, kazi yake ilitoka mwaka 2005. Aliona watoto wanaangusha kiambishi cha nafsi, au cha wakati, au vyote, yaani "nataka" inakuwa "taka", "anakuja" inakuwa "nakuja". Lakini watu wazima wa Nairobi nao huangusha ile a ya mwanzo kwenye maongezi, hata sisi, "yeye nakuja". Kwa hiyo huwezi kusema tu mtoto kakosea, lazima kwanza usikilize mamake anasemaje. Na angalia kile ambacho hawaangushi. Ile a ya mwisho ya kitenzi ipo. Na vipande vinavyobaki viko kwenye foleni yake, hutasikia mtoto anasema "takanina", anaweza kuacha tofali lakini hapangi ukuta kichwa chini.

mwl_wa_p2 (Kasese)

Mimi nafundisha P2, darasa la pili la msingi, na kwa mtaala wetu tangu 2007 tunaanza P1 mpaka P3 kwa lugha ya nyumbani. Nilichoona darasani, watoto wa hizi lugha zetu za Kibantu hawasumbuki na kutendwa hata kidogo. Kanapokuja kushtaki ni "nimepigwa", "nimeibiwa", "nimesukumwa", ukihamia Kiingereza ndio mnakwama wiki nzima. Ama ni mimi tu?

spea_za_kisekka

Mwalimu sio wewe tu. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kutendwa ni kugumu kwa mtoto, anakuweza akiwa na miaka 4 au 5, kwa sababu walikuwa wanapima watoto wa Kiingereza. Katherine Demuth akaenda Lesotho akakaa na watoto wa Kisotho, miaka ya 1980 hiyo, akakuta kabla ya kufika miaka 3 wanatumia kutendwa bila shida. Sababu moja ni kwamba Kisotho hakikuruhusu uulize "nani amepika?" hivo moja kwa moja, unalazimika kuuliza chakula kimepikwa na nani, kwa hiyo mtoto anasikia kutendwa tangu asubuhi. Kilichokuwa kigumu kilikuwa cha Kiingereza, sio cha utoto.

boda_wa_ntinda

Sasa mama mkwe wa Arua amesahaulika. Lugha tatu je, ni shida ama?

mama_kadogo (Kireka)

Asante boda, ndio nilikuwa nataka kurudi hapo, mama mkwe mwenyewe yuko sebuleni nachapa nikiwa jikoni 😅

Niongeze kitu. Jana jirani, mama wa Kiganda anayempenda sana Kadogo, alipita na mtoto akamnyooshea mikono akasema "nisitule". Sio nikubebe, sio Luganda chenyewe, ni nini hiyo?

spea_za_kisekka

Weee! Dada hiyo ni dhahabu na umeiweka chini kabisa ya uzi.

Okusitula ni kubeba, kwa Luganda. Yeye amechukua mzizi wa Luganda, situl, mbele akaweka ni ya Kiswahili, nyuma akaweka e inayotakiwa na ombi. Kila kipande kiko mahali pake. Na angalia, kwa jirani "ni" imekuwa yeye mwenyewe, sawa sawa! Kwa nini kwako bado anakosea? Kwa sababu nikubebe ni tofali la zamani limekauka, hili ni jipya amelifyatua mwenyewe. Nyinyi mnaogopa amechanganyikiwa, mtu aliyechanganyikiwa angeweka e mbele na ni nyuma.

Mwambie mama kwa heshima kwamba lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto kuongea. Ukihesabu maneno yake ya Kiswahili peke yake utaona machache, jumlisha na ya Luganda na yale machache ya Lugbara anayopewa na bibi, utakuta kapu limejaa. Kuchanganya ndani ya sentensi moja sisi wote tunafanya, si tumeshaandika hapa "the same tatizo" bila aibu.

afande_mstaafu (Jinja)

Na mimi niongeze kwa huyo mama wa Arua, ni rika langu. Serikali Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kisomeshwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Walimu wanatafutwa. Yeye ana mjukuu anakijua bila karo. Amuongeleshe Lugbara yeye mwenyewe, kila siku, hiyo ndio kazi ya bibi, asiwanyang'anye wengine.

mama_kadogo (Kireka)

Nimemsomea hiyo ya afande kwa sauti. Amecheka akasema "huyo mzee ni mjanja". Tumepata amani kidogo.

Swali la mwisho, simu. Huwa namwekea katuni za Kiswahili nikipika, nilidhani zinamsaidia lugha.

musawo_wa_usiku

Zinakusaidia wewe kupika, hiyo ni halali. Lugha kidogo sana. Patricia Kuhl, mwaka 2003, alichukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9 akawasikilizisha Kichina vipindi 12, wengine wakiwa na mtu anayecheza nao, wengine kwa vidio na sauti tu. Wa mtu walizishika sauti za Kichina, wa vidio walikuwa sawa na ambao hawakusikia kitu. Mpike pamoja, mpe sufuria na kijiko apige, umwambie unachofanya.

spea_za_kisekka

Na ile ya kumrekebisha, usimwambie "sema chupa". Akileta vyupa mjibu kama mtu anayeongea na mtu, "eeh, chupa zako, chupa zako mbili umeziweka wapi?" Anasikia umbo lenyewe na mazungumzo yanaendelea.

Sasa mfanye mchezo jioni hii. Mwaka 1958 Jean Berko alichora kadude kama kandege akakapa jina ambalo halipo, "wug", akawaonyesha watoto wa miaka 4 hadi 7, huyu ni mmoja, sasa wako wawili, ni nini? Kwa sababu hawajawahi kulisikia, hawawezi kuiga. Wakajibu "wugs". Chora kadude uite kidupi. Alafu cha pili uite mdeze, lakini mdeze mchore mara mbili, kwanza kama mti, karatasi nyingine kama kitu chenye macho na miguu. Kadogo ni mdogo kwa hii, jaribu na wakubwa wake.

mama_kadogo (Kireka)

Nimerudi! Kadogo alikula kalamu. Lakini dada yake wa miaka 5, kidupi alisema "vidupi" hata sijamaliza kuuliza. Mdeze wa mti akasema "mideze". Nikageuza karatasi, yule mwenye macho, akanyamaza kidogo, akamwangalia, akasema "hawa ni wadeze". Neno moja, mama! Nywele zimenisimama.

mtanga_asilia (Tanga)

Nami nimejaribu kwa mpwa wangu. Kidupi akasema vidupi. Mdeze wa macho, wadeze. Nikamwuliza na "chebo" ya kwangu mwenyewe, zikiwa nyingi akasema "vyebo". Tanga nzima haina vyebo. Haya bwana spea, nimevua viatu.

boda_wa_ntinda

Mi nimemuuliza abiria mtu mzima mdeze wengi ni nini, amedhani nataka kumwibia simu

hakuna_bundle

Sawa nimejaribu kwa kijana wangu. Vidupi. Sina la kusema

mama_kadogo (Kireka)

Wapendwa ni wiki tano sasa, nimeona niwaletee habari kwa sababu mliniambia niandike kwenye kalenda na nimeandika.

Jumapili babake alikataa uji wa bushera, Kadogo akiwa chini anacheza na vifuniko. Bila kuinua kichwa akasema "baba hataki". Mimi na mzee tukatazamana. Nikamjaribu, nikasema "eeh, baba sitaki uji". Akainua kichwa akanicheka kama dada wa kazi anavyomcheka yeye, akasema "hapana! Baba HATAKI." Mama mkwe alikuwa amerudi Arua, nikampigia simu hapo hapo.

Nibebe nayo imekuja, wakati mwingine. Chupa bado. Jana jioni nimefika kutoka kazini amesimama mlangoni, chupa ya maji mkono huu na chupa tupu ya soda mkono huu, akaniambia "Mama, nibebe na vyupa vyangu". Vyangu! Nikambeba navyo vyote viwili.